Motoka ikikataa kuamka: kutoka manivela hadi betri

Kapata iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na katika kiangazi, mwezi wa Juni na wa Julai, alfajiri inakuja na baridi kali. Saa hiyo ndiyo motoka za zamani hukataa kazi. Shofere anageuza ufunguo: tak! Halafu kimya. Anageuza tena: tak! Taa zinawaka, redio inasema, lakini injini imelala. Watoto wanaitwa kusukuma.

Zamani hakukuwa na ufunguo wa kuamsha injini. Kulikuwa na manivela, chuma kilichopindwa ambacho mtu alikiingiza mbele ya motoka na kukizungusha kwa mkono. Injini ikiwaka vibaya, chuma kilirudi nyuma kwa nguvu, na watu wengi walivunjika mikono. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1908, ilikaa miaka kumi hivi bila kitu kingine cha kuiamsha. Wazee waliowahi kuendesha Land Rover za kwanza wanaikumbuka manivela vizuri, na si wote wanaicheka: ilikuwa ngumu, lakini haikuhitaji betri.

Mwaka wa 1911 fundi Mwamerika Charles Kettering alifaulu kuweka mota ndogo ya umeme kwenye motoka ya Cadillac, na motoka za mwaka wa 1912 ziliuzwa nayo. Ndiyo tunayoiita demarere. Mwaka huohuo wa 1911, Union Minière du Haut-Katanga ilimwaga shaba yake ya kwanza Lubumbashi, mji ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Hakuna aliyepanga mambo hayo yaende pamoja. Lakini demarere bila shaba haiendi: ndani yake ni shaba, na waya mnene unaoileta nguvu ya betri ni shaba. Kolwezi yenyewe ilijengwa baadaye, mwaka wa 1937, na kambi za wafanyakazi, Kapata kati yake, ziliishi kwa shaba hiyo.

Hapo ndipo siri ya ile "tak" ilipo. Taa moja kubwa ya mbele hula ampea 4 au 5 tu. Demarere hula ampea 100, mara nyingi zaidi. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima. Njia iliyobanwa na kutu hupitisha umeme wa taa, lakini ule wa demarere unakwama. Jamaa nyingi zimetoa pesa ya betri mpya kumbe ugonjwa ulikuwa unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ile ya zamani, au waya wa masi uliolegea pale unaposhika chuma cha motoka. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza. Hiyo haigharimu kitu.

Kama bado, mtu awashe taa za mbele, mwingine ageuze ufunguo. Taa zikizimika kabisa, umeme haufiki: ni betri au viungo vyake. Zikibaki zinawaka sana na demarere iko kimya, tatizo liko kwenye demarere au kwenye waya mdogo unaoipa amri. Injini ikizunguka kwa kasi bila kuwaka, waache demarere, watafute mafuta au cheche. Mwenye kipima volti apime asubuhi kabla ya kuwasha: betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi, ikiwa karibu na 12, imekwisha. Injini ikishawaka, kipimo kipande hadi 14 hivi. Kisipopanda, betri haijazwi, na kununua mpya ni kuahirisha shida kwa siku chache tu.

Kuna jambo linalogusa hasa jamaa waliokimbia makwao na kufika hapa bila umeme wa nyumbani. Usiku betri ya motoka inatolewa, inawasha taa, inajaza simu za majirani. Betri ya risasi na asidi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté, wa mwaka wa 1859, na ile ya motoka imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu ijazwe. Ikinyonywa mpaka mwisho kila usiku, inakufa mapema. Na ikifa, isipasuliwe uwanjani mbele ya watoto: risasi ni sumu inayoharibu akili ya mtoto, asidi inaunguza macho.

Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa kutoka Lualaba, na nyingi inaingia kwenye betri za simu na za motoka za umeme. Wengi hapa hawajui kwamba hata motoka hizo za kisasa, karibu zote, zinabeba pia betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndogo ikikwisha, ile kubwa yenye kobalti ya Kolwezi haiwezi kuunganishwa, na mwenye motoka, awe Ulaya au China, anabaki amekaa ndani kama shofere wa Kapata mwezi wa Julai. Yeye hata kusukumwa hakumsaidii.