Sampula ya Kwanza ya Mtengeneza Midundo

Kila fani huhitaji chombo, lakini si kila chombo huzaa fani. Kijana wa Temeke au Kinondoni atakaye kutengeneza midundo huuliza kwanza bei ya sampula, yaani mashine inasayo kipande cha sauti, ikakikata, na kukirudia kila kitufe kinapobonyezwa. Swali lake ni la haki, kwa kuwa fedha yake ni kidogo, na akikosea kununua hapati nyingine upesi. Yafaa lijibiwe kwa historia kabla ya kujibiwa kwa mfuko.

Mashine hizi zilipoenea huko Marekani zilikuwa ghali, na kumbukumbu zao zilikuwa finyu. SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyotoka mwaka 1987, ilihifadhi sauti ya sekunde kumi tu hivi. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn, yenye vitufe 16 vya kupigwa kwa vidole. Ili kuokoa nafasi, watumiaji wa SP-1200 waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 45 walipokuwa wakinasa, kisha wakaurudisha mwendo nyuma ndani ya mashine. Ufinyu uliwafundisha kuchagua.

Dar es Salaam ilipita njia yake. Kilichowafikia wapigaji wa uswahilini kilikuwa kinanda kidogo cha Casio. Katika miaka ya 1990 wapigaji wa mchiriku, muziki uliochipuka katika ngoma za Wazaramo, walikipiga pamoja na ngoma na vipaza sauti vikoromavyo, na mkoromo wenyewe wakaufanya ladha. Kundi mojawapo, Jagwa Music, lilitoa albamu ya Bongo Hotheads huko Ubelgiji mwaka 2012.

Baada ya mwaka 2000 madijei wa Manzese na Tandale walichukua vipande vya taarab visivyo na maneno, wakavirudiarudia na kuvitia kasi, ili waghani watambe juu yake katika vigodoro. Huko New York kasi ilikuwa hila ya kuokoa nafasi. Hapa kasi ikawa sanaa yenyewe. Ndipo singeli ilipokua, yenye mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na studio ya Sisso iliyoko Mburahati ikajulikana ng'ambo. Kazi hiyo ilifanywa kwa kompyuta na programu zake. Hapakuhitajiwa sampula ya thamani.

Basi, je, sampula haina faida? La. Mwenye kompyuta tayari asiharakishe kununua, kwani kunasa, kukata na kurudia atajifunza humo. Lakini asiye nayo, au atakaye kupiga kwa vidole mbele ya watu, na umeme ukikatika asinyamaze, ana sababu. Huyo atazame mambo matatu: kama mashine hutumia betri, kama hupokea sauti kwa waya kutoka simu, na kama kazi iliyokamilika hutoka humo bila taabu. PO-33 ya Teenage Engineering ya Uswidi, iliyotoka mwaka 2018, ni ndogo kama kikokotoo, hutumia betri mbili, na huhifadhi sekunde 40. SP-404MKII ya Roland, ya mwaka 2021, ina nafasi kubwa mno na hutumia betri sita, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi. Kwa mwanafunzi ile ndogo yatosha, maana kosa lake ni la gharama nafuu.

Liko jambo lisilouzwa pamoja na mashine. Kipande cha taarab kina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda. Anasaye kazi ya mtu na kuiuza yampasa aombe idhini, au anase ngoma za mtaani kwake kwa ruhusa ya wapigaji.

Wala tusidhani kuwa ufukara ni mwalimu mwema, wengi umewanyamazisha. Waliofaulu walijua kwanza sauti gani waitaka, ndipo chombo chochote kikawafaa. Kijana asikilize kwanza, kisha aende dukani.