Kiputo Hukioni, Unakisikia

Mnaikumbuka Likoni, Septemba 2019? Gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee, mama na mtoto wake wakazama nalo. Lilikuwa mita 58 chini, likatolewa tarehe 11 Oktoba. Hapa Mishomoroni sote tulikuwa mabingwa wa kupiga mbizi: mbona hawa wazamiaji wanachelewa hivi? Hata mimi niliwatukana kwa simu.

Baadaye ndio nikasoma. Kina kama kile, naitrojeni unayovuta inayeyuka ndani ya damu. Ukipanda juu mbio, inatoka kama soda iliyofunguliwa: viputo ndani ya mishipa. Vinaua.

Kumbe kiputo kinaogopwa hata thieta, wala hakuna bahari huko. Kuna upasuaji wa ubongo ambao mgonjwa anaketishwa. Kichwa kikiwa juu ya moyo, mshipa uliokatwa unaweza kuvuta hewa badala ya kutoa damu. Hewa ikijaa moyoni, ni kama pampu ya kisima iliyoshika hewa: inanguruma, maji hayatoki.

Zamani daktari alitegemea stetoskopu tu. Hewa ikiwa nyingi, moyo unasikika kama gurudumu linalochapa maji. Ukisikia hivyo, ushachelewa.

Mwaka wa 1968, kule Marekani, Merrill Spencer alikuwa akisaka viputo vya uzamiaji kwa ultrasaundi. Mwaka uo huo, daktari wa upasuaji Joseph Maroon na wenzake wakachapisha kazi yao ya kunasa viputo vya hewa mishipani. Kifaa kinawekwa kifuani, kinatuma mawimbi, na yakigonga damu inayotembea yanarudi na sauti. Hewa ikipita, hata chini ya mililita 1, sauti inabadilika papo hapo, inakwaruza. Hapo kidonda kinamwagiwa maji ya chumvi, kichwa kinashushwa, na daktari wa nusukaputi anavuta hewa kwa mrija.

Siri yenyewe ni ya Christian Doppler, mwaka wa 1842. Ndiyo hiyohiyo nesi wa kliniki anaitumia kumsikilizisha mama moyo wa mtoto tumboni.

Mimi niliacha chuo, si daktari. Lakini nimeelewa hivi: kifaa hakimponyi mtu, kinamwambia mtu mapema. Kama hakuna anayesikiliza, ni kelele tu. Siku mzazi wako anaingia thieta, usiulize bei peke yake. Uliza pia: nani atakaa naye akimsikiliza mwanzo hadi mwisho?

Na nyinyi wazamiaji wa Likoni, nilikosea. Niwieni radhi.