Programu moja, mashini mingi: Unix toka 1969

Telefone zenu karibu zote ziko na prosesa ya aina ya ARM. Ordinatere zetu, hasa zile zilizotumika Ulaya kabla ya kufika kwetu, ziko na Intel ao AMD. Amri ambazo ARM inaelewa, Intel haizielewi hata kidogo. Lakini Firefox iko pande zote mbili, na batu wengi wanaona ni jambo la kawaida. Lilitafutwa kwa shida.

Mwanzoni kila mashini ilikuwa na lugha yake. Ukinunua mpya, programu za zamani unaziandika upya. Mwezi wa 12, 1960, programu moja ya COBOL, karibu bila kubadilishwa, ilitembea kwenye mashini ya RCA na kwenye ya UNIVAC. Hiyo ilikuwa programu ya kawaida tu. Mfumo wenyewe unaoendesha ordinatere uliendelea kuandikwa kwa amri za mashini moja.

Mwaka 1969, Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, aliandika Unix ya kwanza juu ya PDP-7, mashini ndogo ambayo hata wakati ule ilikuwa imezeeka. Walipopata PDP-11 ikabidi kuandika tena. Dennis Ritchie akatengeneza lugha ya C, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa C. Mutu angefikiri kazi imekwisha. Wapi! Kompaila, yaani programu inayotafsiri C kuwa amri za prosesa, ilikuwa bado imefungwa na PDP-11.

Steve Johnson njo aliigawa. Sehemu kubwa ya kompaila yake inaelewa C bila kujali mashini. Sehemu ndogo peke yake inajua amri za prosesa. Ukibadilisha ile ndogo, umepata kompaila ya mashini nyingine. Mwaka 1977 yeye na Ritchie wakaanza kuhamisha Unix kwenda Interdata 8/32, na waliichagua juu ilitofautiana na PDP-11: biti 32 badala ya 16, na baiti zimepangwa kinyume. Shida hiyo ya mpangilio wahandisi waliifanyia mzaha: neno UNIX linatoka NUXI. C yenyewe ilibadilishwa kidogo ili iweze safari hizo.

Lakini mimi napenda zaidi kile kilichotokea Wollongong, Australia, mwaka ule ule. Chuo kikuu cha pale kilikuwa na Interdata 7/32, na Unix ya mashini hiyo haikuwepo. Richard Miller hakungoja Bell Labs. Alianza kwa kompaila ya C, akaifundisha amri za Interdata, kisha akahamisha Unix yenyewe. Pande hizo mbili zilifanya kila moja kivyake. Mutu aliye mbali na Bell Labs aliweza kwa sababu moja kubwa: alikuwa na kode ya chanzo mikononi. Programu iliyokwisha kukompailiwa, bila kode, ingemfaa nini?

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa kompaila ya GCC, na sasa kila mwanafunzi anaweza kuipata bure. Hata hivyo, mwezi wa 8, 2025, Debian 13 ilitoka bila kisakinishi cha ordinatere za zamani za biti 32. Kode yake iko wazi kama zamani. Kinachohitajika ni batu wa kukompaili, kujaribu na kusahihisha kwa ajili ya mashini hizo, na batu hao wamepunguka. Ordinatere inaweza kuwa nzima mezani, lakini siku moja masahihisho ya usalama yanaweza kuacha kuja.

NetBSD bado inazitengenezea toleo. Muko na sujé ya TFC? Kode yake yote inaweza kukompailiwa toka mashini ya aina nyingine kabisa kwa skripti moja, build.sh. Muanze kusoma pale.