Sarufi na Ubongo: Kutoka kwa Broca Hadi Suala la Lugha za Kibantu

Mwanaisimu aelezapo sarufi, kwa kawaida hutazama sentensi iliyokwisha kusemwa. Namna ubongo unavyoiunda na kuifasiri sentensi hiyo ni suala ambalo kwa muda mrefu liliachiwa matabibu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi suala hilo lilivyochunguzwa tangu karne ya 19, na kuonyesha kwamba ushahidi uliotegemewa ulikuwa na pengo linalotuhusu sisi wachunguzi wa lugha za Kibantu.

Historia yenyewe yaanzia Paris, mwaka 1861. Daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakutamka ila silabi "tan", ingawa alionekana kuelewa aliyoambiwa. Alipofariki mwezi wa Aprili, Broca aliuchunguza ubongo wake, akaukuta umeharibika katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa namna nyingine, walioumia nyuma zaidi katika upande ule ule: walisema kwa mtiririko, lakini usemi wao haukuleta maana, wala hawakuelewa vema waliyoambiwa. Tangu hapo ikazoeleka kudhani kwamba eneo la Broca ni la kusema na la Wernicke ni la kuelewa.

Mgawanyo huo ulitikiswa mwaka 1976 na Alfonso Caramazza na Edgar Zurif, waliowapima wagonjwa wa Broca kwa sentensi za Kiingereza zenye vishazi rejeshi. Pale ambapo maana ya maneno ilitosha kumtambulisha mtenda, wagonjwa walielewa, kwani mtoto hula tunda, wala tunda halili mtoto. Pale ambapo wote wawili waliotajwa waliweza kutenda, walibahatisha tu. Kumbe kilichopungua si usemi peke yake, bali pia uwezo wa kuufuata muundo wa sentensi.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kuongeza. Tusemapo "tunda analokula mtoto", kiambishi a- chaelekeza kwa mtoto na -lo- kwa tunda. Ngeli zatosha kumpambanua mtenda na mtendwa. Lakini "msichana anayemfukuza mvulana" huweza kufasiriwa kwa njia mbili, kwa kuwa nomino zote mbili ni za ngeli moja. Je, mgonjwa angesaidiwa na upatanisho wa ngeli, au viambishi ndivyo vingemtoka kwanza? Kiingereza hakiwezi kutujibu. Tena, mwaka 1984 Yosef Grodzinsky alionyesha kwamba katika Kiebrania, ambamo mzizi mtupu hautamkiki, mgonjwa haachi viambishi kama afanyavyo Mwingereza, bali hubadilisha umbo moja kwa jingine. Mzizi -fukuz- nao hausimami peke yake.

Hata hivyo, mkusanyo mashuhuri wa masimulizi ya wagonjwa uliohaririwa na Lise Menn na Loraine Obler mwaka 1990 ulikuwa na lugha 14, na hata moja haikuwa ya Kibantu. Mwaka 2012 Tom Abuom na Roelien Bastiaanse walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa wasemao Kiswahili na Kiingereza. Huo ni mwanzo mwema. Hatuna budi kuuendeleza, kwani nadharia ya sarufi ya binadamu wote haiwezi kukamilika bila ngeli, wala mgonjwa wetu hawezi kupimwa kwa haki kwa kipimo kilichotungwa kwa lugha isiyo yake.