Tarafa za Burundi na maendeleo ya uchumi: kutoka Musinzira hadi Kobero

Tarafa ni ngazi ya serikali ya mitaa nchini Burundi iliyo na hadhi kisheria na fedha zake yenyewe. Msingi wake uliwekwa na sheria ya Aprili 2005, mwaka ambao wananchi walichagua mabaraza ya tarafa yenye wajumbe 25 kila moja. Chini yake kuna kanda, kisha vilima, na mijini mitaa kama Musinzira ulioko mjini Gitega.

Kazi ya tarafa kiuchumi inaanzia sokoni. Ndiyo inayotenga eneo la soko, kusimamia usafi na kukusanya ushuru kwa wauzaji. Hapa ndipo wasafirishaji wengi huchanganya mambo. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa Ushoroba wa Kati na kuingilia Kobero, upande wa Muyinga, mkabala na Kabanga ya Tanzania, hulipiwa ushuru wa forodha kwa Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR), iliyoundwa mwaka 2009. Fedha hizo huenda hazina ya taifa. Mzigo huohuo ukishapita Karusi na kufika Gitega, anayeuuza sokoni hulipa tena, safari hii kwa tarafa. Si kutozwa mara mbili kwa kitu kimoja, ingawa mfukoni maumivu ni yaleyale. Stakabadhi za pande zote mbili zitunzwe, na ya forodha haimwondolei muuzaji ushuru wa soko.

Tarafa hutakiwa pia kuwa na mpango wa maendeleo ya jamii, unaoorodhesha masoko, barabara za vijijini, maji na shule. Makusanyo ya ndani hayatoshi, hivyo Mfuko wa Taifa wa Uwekezaji wa Tarafa (FONIC) ukawa mlango wa fedha za serikali kuu. Kwa miaka kadhaa kila tarafa ilitengewa faranga milioni 500 kwa mwaka. Kwenye vilima kukaanzishwa ushirika wa Sangwe, uliopewa mtaji wa faranga milioni 10 kila kimoja. Kiasi sawa kwa wote ni rahisi kugawa, lakini tarafa ya mpakani yenye malori kila siku haina mahitaji sawa na ya ndani.

Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na mgawanyo huo ukaanza kutumika mwaka 2025. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ilibaki na jina la mkoa. Muyinga iliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba ofisi ya tarafa aliyoizoea huenda sasa iko mbali zaidi, na hati zenye majina ya zamani ya mkoa au tarafa zinafaa kukaguliwa kabla gari halijaondoka.