Mtaguso wa Nicea na Umungu wa Kristu



Kila Dominika, katika Misa Takatifu, tunaungama kwa sauti moja kwamba Yezu Kristu ni Mungu kweli, mmoja na Baba tangu milele. Maneno hayo tumeyazoea, hata pengine kinywa huyatamka, na moyo uko shambani. Basi leo tuwakumbuke wale walioyalinda.

Katika mji wa Alexandria, nchi ya Misri, alikuwako padri aitwaye Ario. Yeye alifundisha kwamba Mwana anapita viumbe vyote kwa ukubwa, lakini naye ni kiumbe, mwenye mwanzo kama sisi. Fundisho hilo lilionekana jepesi, likawavuta watu wengi, likaenea hata kwa njia ya nyimbo.

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu katika mji wa Nicea, nchi iitwayo leo Uturuki. Mapokeo yahesabu maaskofu 318. Baba Mtakatifu Silvestri alituma mapadri wawili badala yake. Baadhi ya maaskofu hao walikuwa wameteswa miaka michache nyuma kwa ajili ya imani, na makovu yao yalionekana bado. Sasa iliwapasa kujibu: Huyu tuliyemkiri mbele ya watesaji, je, ni Mungu, au ni kiumbe tu? Wakajibu kwamba Mwana amezaliwa na Baba, hakuumbwa, naye ana umungu uleule mmoja na Baba.

Pamoja nao alikuwako shemasi kijana, Atanasi. Mwaka 328 akawa Askofu wa Alexandria. Alifundisha kwamba kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe na Mungu. Nasi tufikiri hivi: watu wawili wakizama mtoni, mmoja hawezi kumwokoa mwenzake, shurti ashuke majini mwingine asiyeshindwa na maji. Kama Kristu si Mungu, basi yeye azama pamoja nasi, na ubatizo wetu ni maji tu.

Kwa kushika neno hilo, Atanasi alifukuzwa mara tano katika mji wake, miaka kama 17 kwa jumla. Mara ya kwanza, mwaka 335, Konstantino yuleyule aliyeita Mtaguso ndiye aliyempeleka mbali, hata Trier. Baadaye alijificha jangwani kati ya wamonaki. Alikufa mwaka 373, wala hakuona Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, uliothibitisha imani ya Nicea.

Ndugu zetu, hatufukuzwi kama Atanasi. Lakini jirani akituambia kwamba Yezu alikuwa mtu mwema tu, tusimdharau, tusigombane naye, wala tusinyamaze.

Swali: Kwa nini Kristu aweza kutuokoa?
Jibu: Kwa sababu ni Mungu kweli tangu milele, aliyejifanya mtu kwa ajili yetu.