Mizani ya Athi River

Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, kabla hujafika Athi River unapita Mlolongo. Jina hilo lilitokana na malori. Madereva walipanga foleni wakingoja kupimwa mzigo kwenye mizani ya barabara, na pembeni mwa foleni yao wakazuka wauza chai, mafundi wa tairi, vyumba vya kulala, hatimaye mji mzima.

Nyuma ya barabara hiyo kuna mizani nyingine, ndogo, za kuning'inizwa kwa kulabu chini ya paa la mabati. Hizi hupima magunia. Anayeleta gunia ameamka alfajiri, amepita kwenye baa, kumbi za harusi, mitaro na majaa, akiokota mikebe ya soda na bia. Mnunuzi kwanza hupitisha sumaku. Mkebe ukinasa ni chuma, bei yake ya chini. Usiponasa ni alumini, unawekwa kando. Kisha hulitikisa gunia, asikilize kama kuna mchanga. Mkebe mtupu una gramu 13 hadi 15 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka mikebe karibu 70. Mtu ameinama mara 70 kwa kilo moja.

Huko nyuma, Athi River iliwahi kuwa na kisa kingine cha mkebe na bei, na kilitikisa serikali.

Mwaka 1938 kampuni ya Liebig's, iliyotajirika kwa nyama ya mikebe kutoka Fray Bentos nchini Uruguay, ilifungua kiwanda hapa. Reli ilikuwa imefika tangu 1899, na nyanda zote za jirani zilikuwa za mifugo. Kiwanda kilitaka ng'ombe wengi kwa bei nafuu. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba ardhi ya Machakos inamomonyoka kwa sababu Wakamba wamefuga kupita kiasi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini malisho mengi ya zamani yalikuwa yametwaliwa na walowezi, na ng'ombe wakabanana katika kipande kilichobaki. Dawa ya serikali ikawa kuwapunguza kwa nguvu. Walikamatwa, wakapigwa mnada, na kiwanda kilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwenye ng'ombe hakuulizwa kama anauza, wala bei hakuitaja yeye.

Mwezi Julai watu wapatao 2,000, wanaume, wanawake na watoto, walielekea Nairobi kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Wakapiga kambi, wakakaa wiki kadhaa. Gavana hakukubali kukutana nao mjini. Agosti akaenda mwenyewe Machakos kuwahutubia. Muindi Mbingu, aliyekuwa kinara wao, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imerudi nyuma, na uuzaji wa lazima ukaachwa. Leo mtaa mmoja katikati ya Nairobi una jina la Muindi Mbingu, nao maelfu huupita kila siku wakiwahi matatu. Kiwanda chenyewe kiliingia mikononi mwa Kenya Meat Commission iliyoundwa mwaka 1950, na mwaka 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Mkebe ukishaliwa nyama yake ulikwenda wapi? Ulibaki nyumbani. Hata debe la mafuta ya taa lilichotewa maji, likakunjuliwa likaezeka paa, likawa kipimo cha nafaka, na hadi leo mkulima anataja mavuno yake kwa debe. Mkebe mdogo ukageuka koroboi: fundi alitoboa kifuniko, akapenyeza utambi, akaunga mkono kwa lehemu, na mtoto akasoma kwa mwanga wake. Ukambani ustadi huo una mizizi mirefu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu pwani na kurudi na masango, nyaya nene za shaba. Mafundi wao wakazivuta kuwa udodi, wakasuka mikufu myembamba iliyosifiwa na wageni walioiona.

Mkebe wa alumini ulikuja baadaye. Metali hiyo ilikuwa adimu mpaka 1886, pale Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, namna ya kuitenga kwa umeme. Umeme unaotumika ni mwingi mno. Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika hutaka takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa na feni huweza kulifikia. Ndiyo sababu biashara hii imeingia hadi kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali.

Humo fundi hufukia sufuria ya mfano katika mchanga wenye unyevu, akaushindilia, akaitoa polepole pakabaki tundu la umbo lake. Mikebe iliyopondwa hudumbukizwa kwenye chungu cha chuma. Rangi na matangazo huungua kwa moshi mkali, taka huelea juu, naye huziengua kwa mwiko mrefu mpaka kilichobaki king'ae kama kioo, ndipo hukimimina katika tundu lile. Lakini mkebe ni mwembamba, kiasi chake hupotea motoni, basi fundi huongeza vipande vya injini na rejeta. Hapo pana hatari ambayo lazima isemwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta baadhi vikitoa madini ya risasi wakati wa kupika. Mikebe itenganishwe na vyuma vingine tangu mwanzo, na njia yake bora ni kurudi kiwandani ikawe mikebe tena.

Chupa ya soda ilijua njia hiyo ya kurudi. Duka lilikutoza pesa ya chupa, au ulete tupu ubadilishe, hakuna aliyeitupa. Mkebe haukuwekewa pesa yake. Sweden ilipitisha sheria ya kuurudisha kwa malipo, ikaanza mwaka 1984. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa kile alichokiingiza sokoni. Kwa sasa, pesa ya mkebe ni ile tu inayotoka kwenye mizani ya kibandani.

Nayo hukatika ghafla. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Embakasi, nchi ikaingia gizani, na wezi wa vyuma wakanyooshewa kidole. Siku tisa baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Mkebe wa soda ukawekwa kapu moja na nguzo ya umeme. Marufuku iliondolewa Mei, masharti mapya ya leseni yakaja. Kulinda umeme kulikuwa haki. Ila aliyeokota mikebe hakuwa amepanda mnara wowote, na miezi hiyo mitatu na zaidi alikula nini?

Mikebe isiyookotwa huchukuliwa na mvua hadi Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga baharini karibu na Malindi.

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Kwenye kibanda, mwenye gunia haombi cheti. Analiweka chini, anaitazama kulabu tupu, na kabla gunia halijatundikwa anahakikisha mshale umesimama kwenye sifuri.